Binti yangu ameanguka mara tatu akiwa kwenye mbio, ECG inasema moyo safi. Nianzie wapi?

MamaWawili

Habari zenu wakuu, naombeni mnisome hadi mwisho, ni ndefu kidogo na naandika nikiwa sijalala vizuri wiki nzima.

Nina binti wa miaka 12. Mzima kabisa, hana pumu, hana selimundu, hajawahi kulazwa hata siku moja. Anapenda kukimbia kuliko kitu chochote na mbio anazo kweli. Mwaka jana kwenye mita 400 alianguka kona ya mwisho. Sio kujikwaa. Waliokuwa pale wanasema alikuwa anaongoza alafu miguu ikaacha tu kufanya kazi, akaenda chini kwa uso bila hata kutanguliza mikono. Midomo ilikuwa imepauka, mikono ikatikisika kidogo, na kabla hawajapata maji ya kummwagia akafumbua macho akauliza nani kashinda. Tukasema jua lilikuwa kali, yakaisha.

Mara ya pili ilikuwa nyumbani, mdogo wake alijificha nyuma ya mlango akamshtua, yeye akapiga kelele akaanza kumkimbiza, hatua chache tu chini. Hiyo niliiona kwa macho yangu. Mara ya tatu ni wiki iliyopita kwenye mazoezi, na safari hii alijikojolea na kidevu kikachanika ikabidi ashonwe nyuzi nne.

Tumezunguka. Wa kwanza alisema ni joto na kutokunywa maji. Tukapima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, amelala kitandani, safi. Eko ya moyo, ile picha ya ultrasound, safi. Damu na sukari safi. Daktari mwingine akasema dalili zinafanana na kifafa, kikafanyika kipimo cha umeme wa ubongo nacho kikatoka safi, ila akaandikiwa dawa za kifafa anywe miezi sita tuone. Dawa ninazo hapa mezani, sijamwanzishia, na naogopa kuanza na naogopa kutoanza.

Kinachonisumbua ni kwamba akiwa amekaa, amelala, anasoma, hana shida yoyote, yaani zote tatu ni mbio au mshtuko. Je ECG ikiwa safi ndo basi moyo hauna neno? Kuna mtu amepitia kitu kama hiki?

Asali_K

Pole sana dada. Mimi nisingekaa na hizo dawa mezani. Mpwa wangu alianza hivihivi, anaanguka, anatikisika, anajikojolea, na kipimo cha ubongo kilitoka safi mara mbili kabla hakijaonyesha kitu. Akaanza dawa na leo ana miaka 20 yuko sawa. Kifafa sio aibu wala sio mwisho wa dunia, watu wanaishi nacho vizuri. Mpe mtoto dawa alizoandikiwa, usimwache hivihivi.

KochaWaMbio

MamaWawili pole. Nafundisha vijana mbio, mimi sio daktari ila ninawaona wakianguka kila msimu, kwahiyo niseme kile ninachokijua.

Kuna kuanguka kwa aina mbili uwanjani. Kijana anamaliza mbio, anasimama ghafla, anainama kashika magoti, sekunde chache baadaye anayumba analegea anakaa chini. Huyo damu imebaki miguuni, wakati anakimbia misuli ya miguu ilikuwa inaisukuma kurudi juu na sasa imesimama. Kwa kawaida anakuambia mwenyewe naona giza, kichefuchefu, jasho baridi. Unamlaza, unainua miguu, dakika mbili tatu anarudi. Ndo maana nawakataza kusimama ghafla wakivuka mstari, wanatembea kwanza.

Aina ya pili ni yule anayeanguka akiwa bado ANAKIMBIA, kasi yote, hakuna kuyumba, hakuna onyo, mikono haiji mbele. Kidevu kilichochanika na uso uliokwaruzika vinakuambia alikuwa ameshapoteza fahamu kabla hajafika chini, maana mtu mwenye fahamu lazima atatanguliza mikono tu. Huyo mimi namsimamisha mazoezi siku hiyohiyo na sirudishi mpaka daktari wa moyo aseme neno, hata kama mzazi ananuna, hata kama kuna mashindano kesho. Binti yako kwa maelezo yako ni huyu wa pili.

Sote tuliona Marc-Vivien Foé, yule mchezaji mpira wa Kamerun, alivyoanguka Lyon tarehe 26/6/2003 katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Yeye alikutwa na msuli wa moyo ulionenepa, ambao eko kwa kawaida huuona, na wewe unasema eko ya binti iko safi. Lakini kuna magonjwa ya mdundo ambayo moyo ukiutazama umbo lake halina kasoro yoyote, kasoro iko kwenye umeme. Nawaachia wanaojua zaidi waeleze.

Ila kwa sasa asikimbie. Na asiogelee kabisa, hata maji mafupi.

fundi_wa_ECG

Nimesoma yote mara mbili. Kazi yangu ni kupima ECG na vipimo vya mazoezi, sio mimi ninayetoa majibu ya mwisho, hiyo ni kazi ya daktari wa moyo, lakini nimekaa karibu na hizo karatasi miaka mingi na kuna kitu nataka ukielewe kabla hujaenda kokote.

ECG ya kitandani inarekodi kama sekunde 10. Sekunde 10 mtoto akiwa amelala, ametulia, anaangalia dari. Ni kipimo kizuri na usikidharau, ila kinajibu swali moja tu: sasa hivi akiwa amelala umeme wa moyo wake ukoje. Hakijaulizwa akikimbia ukoje. Mtoto wako anaanguka akikimbia na akishtuka, amepimwa akiwa amelala, ndo maana majibu na matukio hayakutani.

Kuna ugonjwa unaitwa CPVT. Sio wa kawaida, inakadiriwa mtu 1 kati ya 10,000, ndo maana madaktari wengi hawajawahi kuuona na mimi siwalaumu. Ni wa kurithi. Unaanza kujionyesha utotoni, mara nyingi kati ya miaka 7 na 12, na tabia yake ndo hiyo uliyoiandika: moyo mzima kwa umbo, ECG ya kupumzika safi, alafu mazoezi au hisia kali vinauvuruga. Hofu, hasira, furaha iliyopitiliza, kushtuliwa nyuma ya mlango. Hilo tukio la mlango ndo lililonifanya nikae wima kwenye kiti.

Naomba nieleze kinachotokea maana ukikielewa hutasahau. Ndani ya kila seli ya moyo kuna ghala la kalsiamu, na ghala lina mlango. Pigo likija mlango unafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikaza, alafu kalsiamu inarudishwa ghalani na mlango unafungwa kusubiri pigo lijalo. Mlango wenyewe ni protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni inayoitwa RYR2, na mwaka 2001 ndo ilipojulikana kwamba jeni hiyo ikiwa na kasoro ndo CPVT kwa wagonjwa wengi. Mlango wao haufungi sawasawa. Mtu akitulia hauvuji kitu cha maana. Adrenalini ikipanda, ghala linajazwa zaidi na mlango unasisimuliwa, basi unaanza kuvuja katikati ya mapigo, wakati ambao ulitakiwa uwe umefungwa kabisa, na ule uvujaji unawasha mapigo ambayo hakuna aliyeyaita. Likija moja, mawili, sio neno. Yakija mfululizo moyo unakwenda mbio kiasi kwamba haujazi wala hausukumi damu, ubongo unakosa damu, na ndani ya sekunde chache mtu yuko chini.

Na ubongo uliokosa damu UNATIKISA mwili. Hapo ndo kifafa kinapoingia kwenye mazungumzo. Asali_K hujakosea kusema vinafanana, vinafanana kweli, kujikojolea pia kunaweza kutokea kwenye vyote viwili. Tofauti ninayoisikiliza mimi ni jinsi mtu anavyorudi. Kwenye kifafa kikubwa mara nyingi anaamka amevurugika, hajui yuko wapi, amechoka, anataka kulala. Binti alifumbua macho akauliza nani kashinda. Kichwa kilikuwa safi papo hapo. Sio kipimo cha uhakika ila ni cha kuandikwa kwenye faili, na ukienda kwa daktari mwambie maneno hayohayo kama yalivyo, usiyafupishe ukasema "alizimia".

Ugonjwa wa pili wa kuufikiria ni QT ndefu, huu ni mwingi zaidi, karibu mtu 1 kati ya 2,000. Hapa moyo unachelewa kujichaji baada ya kila pigo, na QT ni kipande cha mstari wa ECG kinachoonyesha muda huo. Kuna aina yake ya kwanza ambayo matukio huja kwenye mazoezi na hasa kuogelea. Mara nyingi ECG ya kitandani inauonyesha, lakini sio mara zote, kuna watu wanao na urefu wao uko ndani ya kawaida au mpakani. Omba wapime QT kwa mkono, sio kusoma tu namba iliyochapwa na mashine, mashine hukosea. Na waangalie pia dakika kama 4 baada ya mazoezi kuisha, hapo ndo QT ya hawa watu hukataa kujifupisha kama inavyotakiwa. Wa tatu ni ule ambao msuli wa upande wa kulia wa moyo unaliwa polepole na mafuta na makovu, huo kwa miaka 12 ni mapema kidogo na mazoezi makali yanauharakisha, kwa kawaida picha ya MRI ya moyo inasaidia.

Kwahiyo kipimo unachokwenda kuomba ni ECG ya mazoezi, anatembea na kukimbia kwenye mashine huku amefungwa waya, mbele ya daktari na mashine ya kushtua moyo ikiwa pembeni. Kwenye CPVT mapigo ya ziada huanza kutokea moyo ukifika kama 100 mpaka 130 kwa dakika, na yanaongezeka kadiri anavyoongeza kasi, akipumzika yanapotea. NAKUSIHI usimkimbize nyumbani eti uone, wala na saa ya mkononi.

Alafu nina maswali. Je upande wako au wa baba yake kuna aliyefariki ghafla akiwa na umri mdogo? Ajali ya gari ya mtu mmoja isiyoeleweka? Aliyezama wakati anajua kuogelea? Aliyetibiwa kifafa ambacho hakikusikia dawa? Kuna aliyezaliwa kiziwi na anazimia, maana kuna aina ya QT ndefu inayokuja pamoja na uziwi tangu kuzaliwa, ilielezwa Norway mwaka 1957. Fikiria taratibu, piga simu kwa wakubwa wa ukoo.

MamaWawili

fundi nimesoma swali lako la kuzama nikaweka simu chini.

Kaka yangu. Alikuwa na miaka 17, mimi 14. Alikuwa anaogelea kuliko wote sisi, yeye ndo alinifundisha mimi. Walikuwa wanashindana na wenzake kwenda na kurudi, wenzake wakafika wakageuka hawakumwona. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Wote tulijiuliza mtu anazamaje kwenye maji anayoweza kusimama. Watu walisema mengi, wengine walisema alikuwa anajionyesha, na mama yangu alikuwa amemkataza kwenda siku ile, akaenda. Nyumbani hatukuwahi tena kulizungumza.

Sijawahi kumtaja kwa daktari hata mmoja kwasababu hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona vinahusiana, huyu alizama na huyu anazimia uwanjani.

fundi_wa_ECG

Pole sana. Haiwezi kuthibitishwa leo, na mtu asikuambie imethibitishwa. Lakini kuzama kwa mtu anayejua kuogelea ni alama inayotambulika kwenye QT ndefu na kwenye CPVT vilevile. Iandike kwenye karatasi: umri wake, alikuwa anafanya nini dakika ile, kina cha maji, na uhusiano wenu. Chora mti wa ukoo kwa mkono, hata ukiwa mbaya. Ukifika usianze na joto wala maji ya kunywa, anza hivi: "Binti yangu anapoteza fahamu akiwa katikati ya mbio, mara tatu, na mjomba wake alizama akiwa na miaka 17 wakati anajua kuogelea." Sentensi hiyo peke yake inabadilisha mwelekeo wa kikao.

Kuhusu dawa za kifafa, mrudie aliyeziandika umwambie hizi habari mpya za ukoo na kwamba unakwenda kwa daktari wa moyo, msikilizane nini kitangulie. Usiamue peke yako na sisi huku hatuwezi kukuamulia.

Mdundo_Wa_Pili

Nimejiunga leo kwa ajili ya hii post tu. Nina CPVT. Nina miaka 26, niligunduliwa nikiwa na 15, na kabla ya hapo nilikunywa dawa za kifafa miaka mitatu, kila nikianguka dozi inaongezwa na mimi nikawa mtoto mzito, nasinzia darasani, na bado naanguka.

Mama, nikuambie inavyokuwa kwa ndani maana binti anaweza asijue kukueleza. Mara nyingine hakuna kitu kabisa, unakimbia alafu unaona majani karibu na jicho. Mara nyingine kuna sekunde moja mbili ambapo moyo unakuwa kama samaki aliyetolewa kwenye maji, unaruka kifuani bila mpangilio, masikio yanaziba. Nilikuwa naona ni kawaida, nadhani kila mtu akikimbia anasikia hivyo. Muulize binti yako swali hilo kwa upole, "moyo unakuwaje kabla hujaanguka", usimpe jibu mdomoni.

Kama ikionekana ndo hii, msife moyo, inatibika. Msingi ni dawa za kuzuia adrenalini isiusukume moyo, zile za jamii ya beta bloka. Kwa CPVT nadololi ndo inayopendelewa, na propranololi ni ya kundi hilohilo, zinashika vizuri kuliko zile zinazochagua moyo peke yake kama atenololi. Mimi ilipoonekana bado mapigo ya ziada yanatoka kwenye mashine ya mazoezi niliongezewa flekainidi, dawa nyingine ya kutuliza mdundo, na tangu hapo sijaanguka. Kuna wengine wanafanyiwa upasuaji wa kukata mishipa fulani ya fahamu upande wa kushoto wa kifua inayopeleka adrenalini kwenye moyo. Na kuna mashine ndogo ya kushtua inayopandikizwa chini ya ngozi, lakini kwetu sisi inawekwa kwa uangalifu mkubwa, sababu ikishtua inauma na kuogopesha, adrenalini inapanda, moyo unavurugika tena, inashtua tena. Sikutishi, nataka tu ukikutana na mjadala huo usiwe mgeni.

La muhimu kuliko yote: DOZI ISIRUKWE. Mimi tukio langu la mwisho baya lilikuja nilipokaa siku mbili bila dawa, nilisafiri nikaisahau nikasema nitakunywa nikirudi. Siku ya pili nikakimbilia basi. Nilisimuliwa kilichofuata. Mtu asiyenijua alinikandamiza kifua mpaka msaada ukafika, na mpaka leo sijui jina lake.

KochaWaMbio

Hapo umegusa penyewe. MamaWawili, wakati unasubiri vipimo, wewe na kila anayekaa na huyo mtoto mjifunze kukandamiza kifua. Akianguka, hajibu, hapumui kawaida (ile kukoroma na kutweta kwa mbali SIO kupumua), mtu mmoja anaita msaada, mwingine anaanza palepale, katikati ya kifua, kasi 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita 5, kiachiwe kirudi juu kabisa, usisimame kumtafutia mapigo mkononi. Msimwagie maji, msimwekee kijiko mdomoni, msimnyanyue kumsimamisha. Kama kuna AED jirani, ile mashine ya kushtua moyo ya kubebwa, iletwe, ukiiwasha inaongea yenyewe nini ufanye na haiwezi kushtua mtu ambaye mdundo wake hauhitaji kushtuliwa. Kila dakika inayopita bila kufanya chochote nafasi yake inapungua kwa karibu asilimia 10.

BabaPacha

Niongeze la kwetu kwa kifupi. Sisi ni QT ndefu aina ya pili, mke wangu na pacha mmoja kati ya wawili. Kwao sio mbio sana, ni sauti ya ghafla, saa ya kengele asubuhi, simu ikilia usiku. Tumetoa kila kinacholia ghafla chumbani.

Jambo ambalo hatukuambiwa mwanzoni ni dawa nyingine. Kwa mtu mwenye QT ndefu kuna dawa za kawaida kabisa zinazoirefusha zaidi, baadhi ya antibaotiki kama erithromaisini, baadhi za malaria kama kwinini na klorokwini, za fangasi kama flukonazo, hata baadhi za kuzuia kutapika. Kabla ya majibu kujulikana kila mtu anayemwandikia binti dawa aambiwe kwamba moyo wake unachunguzwa. Na akiharisha au kutapika sana asiachwe, potasiamu ikishuka ni hatari.

Asali_K

Nimefuatilia. Niliandika kwa nia njema ila sikujua kwamba moyo unaweza kumtikisa mtu hivyo. Nimempigia dada yangu kumuuliza kama mpwa wangu aliwahi kupimwa moyo, anasema ECG hajawahi hata moja katika miaka yote hiyo. Yeye huwa anaanguka hata usingizini. Je na yeye apimwe?

fundi_wa_ECG

Apimwe ndiyo, ECG ya kawaida ni dakika chache na kila anayeanzishiwa dawa za kifafa alistahili kuipata. Kuna aina ya tatu ya QT ndefu ambayo matukio yake yako usingizini, lakini kifafa pia hupenda usingizi, na kama dawa zimemsaidia miaka yote hii kuna uwezekano mkubwa ni kifafa kweli. ASIACHE DAWA. Ni kupima tu.

MamaWawili

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tano. Samahani kwa ukimya.

Daktari wa moyo nilimsomea ile sentensi kama ilivyo, nilikuwa nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Aliacha kuandika akaniangalia, akasema rudia hapo kwa kaka yako. Kipimo cha mazoezi kikapangwa wiki ileile.

Waliniruhusu nikae ndani. Wakambandika vile vibandiko kifuani, waya kumi, presha mkononi, mashine ya kushtua iko pembeni imewashwa, niliiangalia ile taa yake ya kijani muda wote. Mwanzo anatembea tu anatabasamu. Moyo ukafika 90, 100, mistari kwenye skrini inafuatana vizuri kama mshono wa cherehani. Kwenye 115 hivi likatokea moja pana, la umbo tofauti. Daktari akanyamaza. Mwendo ukaongezwa, yakaanza kuja moja la kawaida moja pana, moja la kawaida moja pana. Kwenye 140 na kitu yakaja mfululizo, na hapa hata mimi nisiyejua kusoma ECG niliona, yalikuwa yanaangalia juu, chini, juu, chini, kwa zamu. Daktari alikuwa ameshabonyeza kusimamisha kabla sijamaliza kusimama kwenye kiti. Binti hakuanguka. Walimlaza, na ndani ya dakika mbili karatasi ikawa safi, safi kama ile ya kwanza kabisa niliyopewa nikaambiwa hana tatizo. Nilizishika mbili mkononi, ile iliyovurugika na hii safi, za mtoto mmoja, zina tofauti ya dakika chache.

Aliniuliza, "Mama, nimefeli?"

Ni CPVT. Ameanza nadololi, baada ya wiki mbili akarudiwa kipimo akiwa kwenye dawa, yametoka machache ya moja moja tu, wataongeza dozi polepole kisha wapime tena. Daktari wa ubongo ameridhia zile za kifafa zisianzwe. Damu yake imepelekwa kipimo cha vinasaba, majibu bado.

Wametuambia kama ni RYR2 kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu, kwahiyo na sisi wazazi tulipimwa kwenye mashine bila kungoja majibu ya damu. Baba yake safi. Mimi, kwenye mapigo 130 yakaanza kutoka. Nina miaka 38 na sijawahi kuzimia maishani mwangu. Nimeanza dawa na mimi, tunakunywa pamoja asubuhi. Mdogo wake ana miaka 8, anapimwa Alhamisi, na tangu siku ile simruhusu hata kukimbia uani, amenuna kweli, na mimi namtazama akilala kifua kinavyopanda na kushuka.

Mbio za mashindano binti ameambiwa hapana. Alilia siku mbili, siku ya tatu akamwomba mwalimu awe anashika saa, sasa yeye ndo anapima muda wa wenzake na ni mkali, hata nusu sekunde haibi mtu.

Nilimpigia mama yangu nikamweleza kuhusu kaka, taratibu, kwamba daktari ameandika kwenye faili kuwa inawezekana kabisa moyo ulisimama kwanza ndo maji yakafuata. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika. Alafu akaniuliza, "Kwahiyo hakuzama kwa sababu alinikaidi?" Nikamwambia hapana mama. Akaniomba nirudie tena, nikarudia. Na yeye anakuja kupimwa.

Mdundo_Wa_Pili nina swali kwako, yeye akilala kwa rafiki au wakienda safari ya shule, dawa mlikuwa mnaifanyaje ili isisahaulike? Sitaki aone aibu mbele ya wenzake.

Mdundo_Wa_Pili

Nimefurahi na nimelia kidogo, nakwambia ukweli.

Mimi mama alinishonea kimfuko ndani ya begi, dozi za siku zile pamoja na siku tatu za ziada, na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa na namba ya simu. Tulichagua muda mmoja unaofungamana na kitu ambacho hata ukiwa ugenini lazima ukifanye, kwangu ni kupiga mswaki asubuhi, kidonge kinakaa ndani ya kikopo cha mswaki kwahiyo siwezi kupiga mswaki bila kukiona. Na rafiki mmoja tu niliyemchagua mwenyewe ndo alijua, sio darasa zima. Huyo rafiki baadaye alijifunza kukandamiza kifua. Mwache binti amchague wake mwenyewe.

Alhamisi tuandikie majibu ya mdogo.